Lori la Ngaka kwa Mistari Mitano: Gari Linavyochorwa kwa Herufi

Ukikaa kando ya barabara kuu hapa Songea, haichukui muda kuona malori ya makaa ya mawe yakitoka Ngaka, wilayani Mbinga. Mengine hushika njia ya Njombe, mengine huelekea Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Mtu wa hapa hulitambua lori la namna hiyo likiwa bado mbali, kwa umbo lake tu. Nimetaka kujua umbo hilo linawezaje kutoka kwenye kibodi, bila penseli wala programu ya kuchorea. Matokeo ni haya:

```
                      ___
 __________________  | []|
|      NGAKA       | |   |
|__________________|_|___|
 (_)(_)(_)   (_)(_)   (_)
```

Ni mistari 5, na ule mrefu zaidi una alama 26. Kiwango cha ASCII, kilichoanza Marekani mwaka 1963, kina alama 95 za kuchapa. Hapa, ukiacha jina lililoandikwa ubavuni, zimetumika 7: kistari cha chini, mstari wima, mabano mawili ya duara, mabano mawili ya mraba na nafasi tupu.

Hesabu ya kwanza ni ya kiboksi. Kila alama hukaa ndani ya kiboksi chake, na kiboksi hicho si mraba. Kwenye taipureta yenye herufi za pica, inchi 1 huingiza herufi 10 kwa upana, lakini mistari 6 tu kwa kwenda chini. Anayeanza huchora kontena la alama 6 kwa mistari 6 akitegemea mraba, akapata kabati lililosimama. Tela langu lina alama 20, yaani inchi 2, na kimo cha mistari 2, yaani theluthi ya inchi. Urefu ni mara 6 ya kimo, sawasawa na tela la mita 12 lenye ubavu wa mita 2. Kwa kipimo hicho kichwa cha alama 5 kinatoka na mita 3. Kimezidi kidogo, lakini ningekipunguza dirisha lingegusa kuta zote mbili.

Sasa tazama tairi kwa karibu. Mabano mawili yenye kistari katikati yana upana wa inchi 0.3 na kimo cha sehemu moja ya sita ya inchi, kwa hiyo upana ni mara 1.8 ya kimo. Nusu duara kamili ina upana mara 2 ya kimo chake. Ndiyo maana alama hizo tatu zinasomeka kama tairi: zimechora nusu ya chini, na jicho linajaza nusu ya juu likiamini imefichwa na bodi. Herufi O peke yake haifanyi kazi hiyo, kwa sababu huelea bila kugusa bodi na kuliacha gari likining'inia.

Mahali pa kuweka tairi ni muhimu kuliko tairi lenyewe. Ekseli 3 ziko nyuma, 2 chini ya sehemu ya mbele ya tela, 1 chini ya kichwa. Zisogeze zile mbili za kati nyuma kwa alama 3, zitagusana na za nyuma, na papo hapo utapoteza dalili kwamba kuna kichwa kinachovuta. Nafasi moja tupu kati ya tela na kichwa ina uzito huohuo. Ukiifuta, semi linageuka kuwa gari moja la boksi.

Michoro mingi ya malori ya herufi inayozunguka duniani ina pua ndefu, kama malori ya Marekani. Scania na Howo zinazopita hapa zina uso bapa, na dereva hukaa juu ya injini. Kwa hiyo mbele nimesimamisha mstari wima, sikuweka mkwaju. Anayenakili mchoro wa mbali ananakili na barabara ya mbali.

Je, lori hili linaingia kwenye SMS? Ujumbe mmoja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120, na kila alama huchukua biti 7. Hapo ndipo ukomo wa alama 160 unapotoka. Lori lina alama 128. Ongeza 4 za kushuka mstari, unapata 132. Lakini mstari wima na mabano ya mraba havimo kwenye orodha ya msingi ya alama za simu, na kila kimoja huhesabiwa mara mbili. Vipo 12, hivyo jumla ni 144. Linaingia, na nafasi 16 zinabaki.

Kuingia ni jambo moja, kuonekana ni jingine. Skrini ya Nokia 3310 ina nukta 84 kwa upana. Gawa kwa alama 26, kila moja inapata nukta 3, na herufi M haitoshi humo. Mstari utakatika na kichwa kitaangukia juu ya tela. Hata kwenye simu kubwa, fonti za kawaida huipa nafasi tupu upana mdogo kuliko herufi nyingi, na safu zote zinahama. Dawa ni fonti ya upana sawa kama Courier. Kwenye WhatsApp, tanguliza alama ya ` mara tatu na umalizie hivyohivyo.

Ufundi huu ulianza na wapiga chapa. Mwaka 1898 Flora Stacey wa Uingereza alichapa kipepeo kwa taipureta, akiigeuza karatasi ili alama zilale upande autakao. Mwaka 1993 Toyoda Masashi wa Japani aliandika programu ya sl, ambayo hupitisha garimoshi kwenye skrini ya kompyuta mtu anapokosea kuandika ls, amri ya kuorodhesha faili. Lina urefu wa alama 83, na magurudumu yake yana michoro 6 inayopokezana. Lori letu nalo litatembea ukiongeza nafasi moja mwanzoni mwa kila mstari na kulichora upya.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na ekseli 5. Nimeyaona malori haya kwa miaka, na bado sikuwa nimeyahesabu. Kibodi haikuniruhusu kukisia, kwa sababu kila tairi lilidai alama zake tatu mahali pake. Ikabidi nirudi barabarani, nisubiri lori lipunguze mwendo, nihesabu.