Anza na Ng'ombe, Ndipo Uje kwenye Atomu

Mtajie mfugaji wa Kishapu au mchimbaji wa Katoro neno nyuklia, kinachomjia kichwani ni bomu. Video inayomfungulia mchoro wa atomu inampoteza hapo hapo. Kidole kimeshahamia video nyingine. Maudhui ya sayansi hii yatawashika watu wa Kanda ya Ziwa yakianza na kazi iliyofanyika, yakaonyesha ilivyofanyika, kisha yakataja mipaka yake bila kuficha. Visa vya kutufaa tunavyo.

Ndorobo: kutoka Shinyanga hadi Unguja

Shinyanga na ndorobo wanajuana tangu zamani. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mdudu huyu Tanganyika hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, aliweka makao ya utafiti Old Shinyanga. Silaha kubwa ya enzi hizo ilikuwa kufyeka vichaka anamojificha. Malisho yalipatikana, lakini ufyekaji huo, pamoja na kilimo na wingi wa mifugo, uliiacha ardhi tupu. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha uoto kwa njia ya ngitili, ambazo ni sehemu za malisho zinazotengwa ili uoto ujirudie.

Unguja ndorobo alimalizwa bila kufyeka msitu, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa dawa ya kumwagia ng'ombe mgongoni na kwa vitambaa vilivyotiwa dawa. Kisha ndorobo walifugwa Tanga, madume wakapigwa miale ya gama hadi wakawa tasa, na kuanzia mwaka 1994 wakamwagwa kisiwani kwa ndege. Jike wa ndorobo kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, tena huzaa funza mmoja mmoja. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umeishia hapo. Walimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Ndorobo wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imemmaliza.

Kukikata kisa hiki kiwe video ya dakika moja

Fungua na ng'ombe aliyekondeshwa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, na sauti ya mfugaji akizungumza Kisukuma, maandishi ya Kiswahili yakipita chini. Uliza swali moja: utammalizaje mdudu bila kuumaliza msitu? Jibu kwa picha tatu: dume anapigwa miale, anamwagwa kutoka angani, anakutana na jike. Ikifika hapo ndipo neno nyuklia litajwe, kwa sababu sasa lina kazi ya kueleza.

Hofu moja lazima ijibiwe ndani ya video yenyewe: je, dume huyo anasambaza mionzi? Hasambazi. Miale huharibu mbegu zake na kupita, kama vile kifua kilichopigwa X-ray kisivyobaki na X-ray ndani yake. Taja na mpaka: Unguja ni kisiwa, ilhali bara ndorobo huingia tena kutoka mapori ya jirani. Ukiuficha mpaka huu, mfugaji wa kwanza kutoa maoni atauibua, na hutaaminiwa tena. Mwisho, ipunguze video iwe nyepesi. Watu hununua bando kwa kujibana, na video nzito haisambai kwenye magrupu ya WhatsApp.

Geita: mashine iliyo mezani

Kwa mchimbaji, mlango ni bei. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mashine ya XRF ya kupimia dhahabu anaijua. X-ray hugonga metali, nayo metali hurudisha X-ray zenye nguvu ya aina yake. Dhahabu ina yake, fedha ina yake, shaba ina yake. Onyesha namba zikitokea kwenye skrini, kisha ueleze kwamba mashine husoma tabaka jembamba la juu tu, kwa hiyo kipande kilichopakwa dhahabu kinaweza kuidanganya. Mchimbaji ataihifadhi video hiyo, maana inamlinda.

Usiiite mashine hiyo nyuklia. X-ray zake hugusa elektroni, haziingii kwenye kiini cha atomu. Kiini kinahusika kwenye mitambo ya uchenjuaji inayopima uzito wa tope kwa chanzo cha cesium-137 kilichofungwa kwenye bomba: tope likiwa zito, miale michache ndiyo inayofika upande wa pili. Vyanzo vya namna hiyo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Hapa pana sababu nzito kuliko kupata watazamaji. Mwaka 1987, huko Goiânia, Brazil, mashine ya tiba iliyotelekezwa ilivunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Cesium-137 iliyokuwa ndani yake iliua watu wanne. Biashara ya vyuma chakavu ipo kila penye migodi. Kwa hiyo video itakayofuata imlenge mnunuzi wa vyuma: imwonyeshe alama ya mionzi, yaani mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano, imwambie asikivunje chombo chenye alama hiyo, asogee mbali na atoe taarifa. Aliyeanza kukuamini kwa habari ya ng'ombe na dhahabu ndiye atakayekusikiliza kwenye hili.