Mshipi wa Kuvulia na Mazda ya Ami

Gari lilipofika, Ami hakufungua boneti. Alitandaza kadibodi sakafuni, akalala chali, akaingia uvunguni na tochi mdomoni, na huko akakaa dakika 40. Mimi niliona viatu vyake tu. Mara kwa mara mpini wa bisibisi uligonga bati: ta, ta, ta, kisha kimya, kisha ta. Alikuwa akiisikiliza kutu. Bati zima hulia mlio mkavu. Lililooza kwa ndani hujibu kwa unene, kama nazi mbovu ukiigonga kwa ukucha.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 2001, injini ya lita 1.8, viti viwili, paa la turubai. Mazda walilitoa gari hili kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na sifa yake tangu hapo si nguvu bali wepesi: uzito wake ni kama tani moja tu, injini iko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Adui wake Uingereza ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, pamoja na maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye paa na kunasa ndani ya mabati ya pembeni, chini ya milango, mifereji yake ikiziba. Ami alijua pa kugonga. Alipotoka alisema neno moja, "Zima," akaenda kunawa.

Ami ni mtu wa Unguja. Alianza kushika spana Kikwajuni akiwa kijana mdogo, na sasa anaishi Milton Keynes, ambako amepanga gereji ya gari moja nyuma ya safu ya nyumba. Ndani yake ukifungua mlango wa gari kwa pupa, unaupiga ukutani. Mpango wake ulikuwa kulipeleka gari hili kwenye kiwanja cha magari cha Bedford Autodrome kwa siku moja ya kuendesha. Siku hizo si mashindano. Mtu analipa, anakuja na gari lake la kila siku, anaendesha kadiri anavyoweza. Hakuna anayepima muda, na humpiti mwenzio mpaka akuruhusu. Bajeti aliiandika ukurasa wa kwanza wa daftari la shule: pauni 600, na chini yake mstari mzito.

Vijana wengi wenye gari kama hili huanza na ekzosi. Wanataka ngurumo. Ami alipoulizwa na jirani atabadilisha nini kwenye injini, alijibu kwamba atabadilisha oili. Jirani alicheka akidhani ni mzaha.

Alianza na breki. Aliniambia hesabu yake, nami naiweka hapa kwa sababu sikuwahi kuifikiria: joto linalozaliwa kwenye breki halifuati mwendo, linafuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Kusimama kutoka kilomita 140 kwa saa humwaga joto karibu maradufu ya kusimama kutoka 100. Barabarani unafanya hivyo mara moja, tena kwa bahati mbaya. Kiwanjani unafanya kila kona, mzunguko baada ya mzunguko. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na yakishakunywa maji ya kutosha kikomo kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanafanya mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni. Kopo la mafuta mapya halifiki hata bei ya chakula cha watu wawili. Ndiyo maana Ami aliliweka la kwanza kwenye orodha.

Pedi za zamani zilitoka, zikaingia za mbio nyepesi, zinazostahimili joto. Disiki alizipima unene kwa kalipa ya kupimia, sehemu nne kila moja, akaziacha zilezile za kiwandani. Pini ambazo mdomo wa breki huteleza juu yake alizichomoa moja moja, akazifuta mpaka chuma kikang'aa, akazipaka grisi yake maalumu kwa ncha ya kidole. Grisi ilikuwa kidogo mno hata nikadhani amesahau. "Ikizidi inanasa hewa, pini inarudi nyuma," alisema bila kuinua macho.

Breki za nyuma za gari hili zina ujanja wake. Pistoni hairudishwi kwa kuibana. Nyuma ya mdomo kuna bolti, ukiitoa unakuta tundu la funguo ya pembe sita ya milimita 4, na hapo ndipo unaizungusha irudi. Ukimaliza kufunga pedi unaizungusha tena mpaka gurudumu likwame, halafu unalegeza theluthi moja ya mzunguko. Ami alifunga macho alipofika kwenye ile theluthi. Mkono wake ulizunguka kidogo, ukasita, ukaongeza unywele, ukatulia. Akalisukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka huku likinong'ona.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, nami ndiye niliyekuwa mtu wa pili. Gari hili usukani wake uko kulia, na silinda kuu ya breki iko upande huohuo, kwa hiyo tulianza na gurudumu lililo mbali nayo kuliko yote: la nyuma kushoto. Ami alichomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipeli, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mimi nilikaa kwenye kiti.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Spana ikageuka robo, pedali ikazama chini ya mguu wangu kama mtu anayeingia usingizini. "Usiachie... usiachie. Haya, achia."

Mafuta ya kwanza yalitoka na rangi ya chai kavu. Baadaye yakawa ya asali, kisha ya maji ya ndimu. Tuliendelea hata baada ya hapo, maana macho yake hayakuwa kwenye rangi tena bali kwenye vipovu. Kwenye gurudumu la tatu niliachia kabla ya kuambiwa. Hakunikemea. Alichungulia mpira, akaona hewa imerudi, akajaza mafuta kule juu, akasema, "Kanyaga," kwa sauti ileile ya mwanzo. Gurudumu lile tukalianza upya. Tulipomaliza, pedali ilikuwa ngumu na fupi, kama kukanyaga ngazi ya jiwe.

Mengine nitayapitia haraka, ingawa yeye hakuyapitia haraka. Oili mpya na filta, kipimo kikaishia karibu na alama ya juu. Rejeta ilibadilishwa kwa sababu tangi lake la plastiki lilikuwa limeacha weusi na kuwa na rangi ya udongo, dalili kwamba linakaribia kupasuka. Tairi la akiba na jeki vikatolewa. Nondo ya kumlinda dereva gari likipinduka alinunua kuukuu, nayo peke yake ilikula theluthi ya bajeti. Hapo hakubembeleza bei.

Sasa alaimenti, yaani jinsi magurudumu yanavyokaa, na bolti moja iliyokataa.

Mazda waliwapa wenye gari hili zawadi ambayo wengi hawaitumii. Bolti zinazoshika wishboni za chini, ile mikono inayobeba magurudumu, zina visahani ambavyo katikati yake si katikati. Ukizigeuza, gurudumu linalala kwa ndani au linasimama, na la nyuma linaelekea ndani au nje. Hununui kitu. Unahitaji spana, na unahitaji bolti ikubali. Ya nyuma kushoto haikukubali. Chumvi ya miaka 20 ilikuwa imeigandisha ndani ya kibomba chake.

Jioni ya kwanza Ami aliisugua kwa brashi ya waya, akainyunyizia mafuta ya kulegezea kutu, akaenda kula. Jioni ya pili alinyunyiza tena, akaigonga bolti kichwani kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, akisema mafuta yanataka njia nayo njia hufunguka kwa mtikisiko. Jioni ya tatu alizungushia mpira wa bushi kitambaa kilicholoa, akawasha gesi, akachoma kibomba tu, kidogo kidogo. Kisha akaweka spana akaikaza. Nilidhani amekosea upande. Alikuwa akitafuta mtikisiko wa kwanza, upande wowote. Ukasikika mlio mdogo kama kuni kavu ikivunjika. Akarudisha nyuma, akakaza, akarudisha. Kila safari bolti ilitembea zaidi, mpaka ikazunguka duara zima, na yeye akakaa chini kwenye kadibodi akaomba maji.

Mashine ya alaimenti anayo mtu mwingine na inalipiwa. Ami ana mshipi wa kuvulia. Aliununua kwenye duka la wavuvi wa mitoni, akiniambia kwamba kwao unene ule ungetosha kumvua changu. Aliufunga kwenye stendi nne, mmoja kila upande wa gari, akaukaza mpaka ukawa unalia ukiuchezea. Upana kati ya magurudumu mawili ya mbele na kati ya mawili ya nyuma haulingani, kwa hiyo hakupima mshipi kwa bodi. Alipima kutoka katikati ya kila gurudumu, kushoto kulingane na kulia, mbele kivyake na nyuma kivyake. Chini ya kila tairi aliweka vigae viwili vyenye grisi katikati, ili tairi liweze kuteleza pale bolti inapogeuzwa. Kwenye kiti cha dereva alipanga mifuko minane ya mchele, kilo 10 kila mmoja, kwa kuwa gari bila dereva halikai kama gari lenye dereva. Mkewe alikuja mlangoni kuuliza pilau ya Ijumaa itapikwa na nini.

Halafu rula ya chuma. Kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kutoka mshipi hadi ukingo wa nyuma, andika. Robo ya robo ya mzunguko kwenye bolti, liyumbishe gari litulie, pima tena. Alitaka magurudumu ya mbele yaelekee mbele sawasawa, ya nyuma yaingie ndani milimita moja tu, na yote yalale kwa ndani karibu digrii 2. Ilimchukua tangu asubuhi hadi alasiri. Kila bolti ilipofika mahali pake aliikaza, akachukua rangi nyeupe na kijiti cha kiberiti, akachora mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye kisahani na kuishia kwenye fremu.

Bedford Autodrome imejengwa kwenye uwanja wa ndege wa Thurleigh, ambako kikosi cha mabomu cha Wamarekani kilikuwa wakati wa vita kuu ya pili. Kiwanja ni tambarare na pembeni kuna eneo pana la majani, kwa hiyo ukikosea unapata aibu kabla hujapata ukuta. Siku ilipofika, wenye kiwanja walipima kelele za ekzosi. Walikuwa wakali kwa hilo pale, lakini ile ekzosi ya kiwandani ikapita bila mtu kuinua kichwa.

Kwenye mabega ya tairi Ami alikuwa amechora chaki. Alizunguka dakika 15, mzunguko wa mwisho taratibu ili breki zipoe, akaegesha kwa gia bila kuvuta hendibreki, maana pedi zikibana disiki ya moto huigandia. Akachungulia chaki imefutika hadi wapi, akapunguza upepo kidogo, akakaza nati za magurudumu kwa toki renchi, nyutoni mita 110, akaandika. Gari lenye nguvu mara mbili lililoegeshwa jirani yetu lilikuwa limeinuliwa boneti tangu saa nne asubuhi.

Safari ya mwisho, alasiri, alinipakia. Mwisho wa njia ndefu alingoja zaidi kuliko nilivyotaka, akakanyaga, mkanda ukanishika kifua, gari likainama pua na kusimama sawa. Mzunguko uliofuata, palepale. Na uliofuata. Tuliporudi alinipa kiti chake. "Kanyaga," alisema. Nilikanyaga. Ngazi ya jiwe.

Yeye alikuwa ameshalala kwenye majani, tochi mdomoni, kichwa nyuma ya gurudumu la nyuma kushoto. Niliinama kando yake. Mstari mweupe ulikuwa umejaa vumbi la breki. Aliufuta kwa kidole gumba: ulitoka kwenye kisahani, ukavuka, ukaendelea kwenye fremu bila kukatika.