Gundi Isiyokuwa na Mahali Pake

Wasomaji walioushuhudia mlango ule wa msaji ukitiwa katika jumba la Mji Mkongwe, Unguja, ambao sasa, masika yakiwa yameshika, hauingii tena katika miimo yake, wamekuwa wakiulaumu mti, na wengine joto. Nami sina budi kuutetea mti, kwa kuwa kosa limo katika uamuzi mmoja: mabapa yalitiwa gundi pande zote nne ndani ya mifuo ya fremu, nazo mbao ndiyo kwanza zimeteremshwa bandarini, zimekaushwa tanurini hata unyevu wa asilimia 8.

Asilimia 8 hiyo, ambayo sitachoka kuilalamikia, ni kipimo cha nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani ikawa kavu. Ama kwetu, ambako unyevu wa hewa wakati wa masika hufika asilimia 80, ubao huvuta maji ya hewani hata utulie kwenye asilimia 15 hivi, fundi apende asipende. Bapa la upana wa milimita 400, lijapokuwa la msaji uliosifika kwa utulivu, likipanda daraja hizo 7 huweza kutanuka milimita 5, na kwa urefu wa nyuzi lisisogee kiasi cha kuonekana. Nalo likibanwa kwa gundi, likikosa pa kwenda, huisukuma fremu. Tazameni pembe ya chini, upande wa bawaba: ulimi umeanza kuchomoka tunduni, na gundi iliyokatika yaonekana kama uzi mweupe. Ama joto lenyewe, unyevu wa hewa ukiwa ule ule, nyuzi 10 zaidi hazipunguzi unyevu wa ubao hata daraja moja.



Mafundi wa zamani waliliepuka kosa hilo: walizipigilia mbao wima juu ya mapingo ya nyuma, na mfaa, ulioshikamana na upande mmoja tu wa mlango, ukaufunika mwanya wa kati, uliokuwa ukipanuka kiangazi na kupungua masika, mpita njia asiutambue.

Namsihi mwenye nyumba asikubali mlango ule upigwe randa sasa, maana kaskazi ikirejea, hewa ikakauka, utambakia mwanya usiozibika. Na aufumue, mabapa yazoee hewa ya humo wiki kadhaa, kisha yarudishwe bila gundi katika mifuo yenye nafasi.