Fisha bodi ya plastiki haifungwi kama mbao

Kwenye nyumba nyingi zinazopauliwa sasa mijini, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, ukingo wa paa umezungushiwa mkanda mweupe, laini, usio na fundo wala ufa. Ni fisha bodi ya plastiki aina ya PVC, iliyochukua nafasi ya ubao wa moja kwa nane uliozoeleka kupigiliwa kwenye ncha za kenchi ili kuzifunika na kushika gata. Wauzaji huinadi kwa sifa tatu: haiozi, mchwa hawaili, haidai rangi kila baada ya miaka michache. Sifa hizo ni za kweli. Malalamiko nayo ni ya kweli: bodi imefanya mawimbi, maungio yameachia, gata limening'inia. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya malalamiko hayo inatokana na plastiki kufungwa kwa ujuzi wa mbao.

Tuanze na mbao yenyewe, kwa sababu inalaumiwa kupita kiasi. Fisha hukaa mahali pabaya kuliko karibu ubao mwingine wowote wa nyumba: jua huipiga usoni, na gata likizibwa na majani maji hufurika na kuteremka mgongoni mwake. Kuvu wa kuozesha huhitaji unyevu wa zaidi ya takriban asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu, na mlango wake mkuu ni ncha iliyokatwa, ambako mirija ya mti iko wazi. Fundi hupaka rangi uso wa mbele tu, tena baada ya kupigilia. Mgongo na ncha hubaki hivyo hivyo. Halafu mti wenyewe umebadilika. Mvule na mninga ya zamani ilipasuliwa kwenye kiini cha mti mkubwa, chenye kinga ya asili dhidi ya kuvu na mchwa. Paini ya leo, kama ile ya shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, huvunwa ingali changa, na bila dawa haina kinga ya kutosha. Ubao wa paini uliotiwa dawa na kupakwa rangi pande zote kabla ya kupanda juu ungeishi miaka mingi kuliko tunavyoudhania.

Plastiki inaondoa udhaifu huo wote kwa mkupuo, ila inaleta tabia nyingine. Ubao ukilowa hutanuka kwa upana. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ndiyo maana fundi wa mbao hubananisha ncha kwa ncha bila wasiwasi. PVC hainywi maji, lakini joto huirefusha: kila mita moja huongezeka takriban milimita 0.06 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, zaidi ya mara kumi ya mbao. Bodi ya mita 5 iliyofungwa alfajiri ikiwa na nyuzi 23, kisha jua la saa nane mchana likaipandisha hadi 48, inaongezeka milimita 7.5. Upande wa paa wenye bodi nne zilizobanana hauna pa kuzipeleka hizo milimita 30, kwa hiyo bodi zinabinuka katikati ya misumari. Usiku zinapoa na kurudi, na kila siku tundu la msumari linapanuka kidogo. Ukichagua rangi ya kahawia iliyokolea kwa sababu inafanana na mbao, unazidisha tatizo, kwani rangi nzito hunyonya joto na PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 70 hadi 80.

Kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako kuta za nje za nyumba nyingi ni za mbao na bodi za PVC zimeenea kwa zaidi ya miaka ishirini, tofauti ya joto kati ya majira ya baridi na ya kiangazi ni kubwa kuliko yetu, na bado kazi hiyo hukaa vizuri. Mafundi wa huko hufunga kila bodi kwa skurubu au misumari isiyoshika kutu, miwili juu na chini kwenye kila mhimili, na mihimili huachana kwa takriban sentimita 40 tu. Maungio ya katikati hugandishwa kwa gundi ya jamii ya ile ya mabomba ya PVC, ili mwendo wote uende pembeni, ambako nafasi imeachwa makusudi. Kwetu kenchi mara nyingi huachana kwa mita moja au zaidi, na hapo ndipo bodi inapopata uhuru wa kujikunja. Dawa ni kupitisha kwanza ubao wa mbili kwa nne, uliotiwa dawa, kwenye ncha za kenchi, kisha plastiki ikafungwa juu yake kila sentimita 40. Vishikio vya gata navyo vishike ubao huo, maana bodi ya plastiki, hasa ile yenye uwazi ndani, haikutengenezwa kubeba mzigo.

Mtu atauliza: kama mbao inarudi, faida iko wapi? Faida ni kwamba mbao sasa iko nyuma ya ngozi isiyopitisha mvua. Hatari ni kwamba iko nyuma ya ngozi isiyoonyesha chochote. Rangi ya ubao inapobabuka, mwenye nyumba anajua maji yanaingia. Plastiki itabaki inang'aa huku ncha za kenchi zikilainika. Kwa hiyo bati litokeze vya kutosha kumwaga maji ndani ya gata, na gata lisafishwe kabla ya masika.

Pingamizi zito zaidi ni la mazingira, na silipuuzi. PVC hutokana na vinyl chloride, gesi inayosababisha saratani. Februari 2023 treni iliyoibeba iliacha reli East Palestine, Ohio, nchini Marekani, na wakazi wakahamishwa. Bodi ikishafungwa haitoi gesi hiyo, lakini ikichomwa hutoa moshi wenye asidi ya hidrokloriki, na kwenye maeneo yetu ya ujenzi mabaki huchomwa jioni pamoja na mifuko ya saruji. Vipande vinavyobaki vikusanywe kando na kukabidhiwa kwa wanaosaga plastiki, na agizo hilo liandikwe kwenye mkataba wa fundi pamoja na lile la skurubu zisizoshika kutu.