Shimo la Saba la Pannalal Ghosh

Pannalal Ghosh alifariki Delhi mwezi Aprili 1960, akiwa hajatimiza miaka 49. Katika umri huo mfupi aliichukua bansuri, filimbi ya mwanzi iliyozoeleka kusindikiza nyimbo za vijijini na michezo ya jukwaani, akaiketisha palepale walipoketi waimbaji wakubwa na wapiga sitari na sarodi wa muziki wa klasiki wa kaskazini mwa India. Wengi wanaomwandika husimulia jambo hilo kama karama: alizaliwa na kipaji, akapuliza, watu wakanyamaza kusikiliza. Maelezo ya namna hiyo yanamheshimu lakini hayafafanui lolote, maana kipaji hakitoboi mwanzi. Lenye faida ni kuuliza kama fundi: ni nini hasa kilichoizuia filimbi isiweze kupiga raga kikamilifu, na kila kizuizi kiliondolewa kwa njia gani? Ukiifuata kazi yake kwa swali hilo unaona kwamba mabadiliko yanayotajwa mojamoja kwenye wasifu wake yalikuwa mnyororo. Kila suluhisho lilizaa tatizo jipya, naye akalifuata tatizo hilo hadi mwisho wake. Shimo la saba, ambalo kwa kawaida hupewa sentensi moja tu, ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote alikuwa akisikiliza nini.

Tuanze na kilichodaiwa na muziki wenyewe. Raga ina noti zake maalumu, lakini haiishii kwenye noti. Ina mwendo wake, noti inazozipenda na kuzikalia, noti inazozigusa na kuziacha, na njia inayopita kutoka moja hadi nyingine. Mwanamuziki huifungua kwa alapu, sehemu ya polepole isiyo na mapigo ya ngoma, inayoanzia chini na kupanda kidogokidogo huku tanpura, ala ya nyuzi, ikivuma nyuma bila kukoma. Kipimo cha yote hayo ni koo la mwimbaji. Ala husifiwa kwa kadiri inavyolikaribia koo hilo, na jambo gumu zaidi kuiga ni mindi, yaani sauti kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika wala kuonyesha ngazi. Mpiga sitari huupata mtelezo huo kwa kuuvuta uzi pembeni, na mpiga sarangi kwa kuburuza kucha kandokando ya uzi. Filimbi ina mashimo, na shimo ni ngazi. Tena filimbi fupi ina sauti nyembamba inayoanzia juu sana, kwa hiyo ile sehemu ya chini ambako alapu hujengwa haipo kabisa. Kizuizi kilikuwa cha pande mbili: kina na mtelezo.

Ghosh alizaliwa Barisal mwaka 1911, mji ambao leo uko Bangladesh, na baba yake, Akshay Kumar Ghosh, alikuwa mpiga sitari. Nadhani hilo lina uzito kuliko linavyopewa, kwa sababu kijana huyu alijua sauti ya uzi unaovutwa kabla hajawa na filimbi yenye uwezo wa kuijibu. Alihamia Calcutta, akafanya kazi kwenye muziki wa filamu, akajifunza kwa Khushi Mohammed Khan aliyekuwa bingwa wa harmoniamu, akasafiri Ulaya mwaka 1938 na kikundi cha ngoma cha Seraikella, kisha akahamia Bombay mwaka 1940. Katika miaka hiyo alijaribu mabomba ya vifaa mbalimbali, akarudi kwenye mwanzi, na akafikia urefu wa takriban inchi 32, sawa na sentimita 81. Fizikia yake si siri. Katika bomba lililo wazi sauti hufuata urefu, na ukiurefusha mara mbili sauti hushuka oktava nzima. Filimbi ya inchi 32 kwa kawaida huwa na Sa, noti ya msingi, yenye mitetemo kama 330 kwa sekunde, na noti yake ya chini kabisa hufikia kama 247. Hapo tumekwishaingia katika eneo la mwanamke anayeimba. Ikumbukwe bado haifiki kila pahali: mwimbaji anaweza kushuka chini ya hapo zaidi, na raga zinazopenda kuzama hubaki zimekatwa miguu kidogo. Lakini alapu sasa ilipata pa kukaa.

Kama kazi ingekuwa kurefusha tu, mtu yeyote mwenye msumeno na mwanzi mrefu angeimaliza. Tatizo linaanza pale urefu unapogusa mkono. Mashimo husambaa kwa uwiano wa bomba, kwa hiyo katika filimbi ndefu vidole vinalazimika kutanuka mno. Ncha za vidole hazifiki bila mkono kukakamaa, na mkono uliokakamaa hautelezi. Wapigaji wa filimbi hizi hulaza vidole na kuziba mashimo kwa nyama za katikati ya kidole badala ya ncha. Hapa faida moja ilijitokeza ambayo sidhani kama ni ya bahati. Bomba kubwa linataka mashimo makubwa, na shimo kubwa likizibwa na kidole kilicholazwa linaweza kufunguliwa kwa kubingirisha kidole taratibu, robo, nusu, robo tatu, huku sauti ikipanda bila hatua. Kwenye shimo dogo safari hiyo ni fupi mno kuweza kuitawala. Kwa maneno mengine, kina na mtelezo, vizuizi viwili vilivyoonekana kuwa mbalimbali, vilikuwa na sehemu ya jibu lao katika jambo lilelile. Zile noti za kati, ambazo filimbi hii haina mashimo yake, zilipata pia unono kwa njia hiyo, kwa kuwa zote hupatikana kwa kuziba shimo nusu. Pumzi nayo iliingia kwenye hesabu. Wasimulizi hupenda kukumbusha kwamba Ghosh alikuwa mtu wa mazoezi ya mwili, ndondi na mapigano ya fimbo, kana kwamba kifua kipana ndicho kilichofanya kazi. Kifua kinasaidia, lakini anayepuliza bomba la namna hii hutawala pumzi kwa midomo, na misuli ya bondia haimfundishi mtu midomo.

Sasa shimo la saba. Ili kulielewa, msomaji aliyepitia kwaya achukue do-re-mi anayoijua: Sa ni do, Re ni re, Ga ni mi, Ma ni fa, Pa ni so, Dha ni la, Ni ni ti. Ma ina umbo la pili, Ma kali, ambayo ni fa iliyopandishwa nusu hatua. Filimbi yenye mashimo sita ikizibwa yote hutoa Pa ya chini. Ukifungua moja baada ya jingine kutoka mwisho wa bomba unapata Dha, Ni, kisha Sa yakiwa yamebaki matatu yamezibwa, halafu Re, halafu Ga. Ukifungua yote sita unapata Ma kali. Ngazi imekwisha, na Pa inayofuata haina shimo. Ili uipate lazima vidole vyote sita vishuke kwa pamoja na pumzi iruke ili bomba lote litoe oktava yake ya juu. Kati ya Ma kali na Pa, noti mbili zinazopakana, kuna korongo. Mwimbaji hulivuka bila kujua kwamba lipo. Mpiga filimbi hulisikia kila anapopita: sauti inakatika, au inadokoa, na rangi ya noti moja haifanani na ya pili, maana moja inatoka kwenye bomba lililo wazi lote na nyingine kwenye bomba lililozibwa lote.

Ghosh aliongeza shimo karibu na mwisho wa bomba, likazibwa na kidole kidogo. Likiachwa wazi, filimbi ni ileile ya mashimo sita. Likizibwa pamoja na mengine, bomba linarefuka kidogo na noti ya chini kabisa inakuwa Ma kali badala ya Pa. Faida ya wazi ni kwamba umeongeza noti moja chini. Faida kubwa iko oktava moja juu. Ukiziba yote saba na kupuliza kwa nguvu ya oktava ya pili, unapata Ma kali ya katikati, na kutoka hapo ukikiinua kidole kidogo polepole sauti inateleza hadi Pa bila kukatika. Inafaa kuwa makini hapa, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba shimo la saba liliondoa korongo. Halikuliondoa. Kilichotokea ni kwamba Ma kali sasa ina milango miwili, mmoja wa vidole vyote kufunguka na mwingine wa vidole vyote kufunga. Anayetaka kuteleza kutoka Ga kwenda Ma kali atapita mlango wa kwanza, na anayetaka kuteleza kutoka Ma kali kwenda Pa atapita wa pili. Korongo linahamishika, na mpigaji ndiye anayeamua liwe wapi, kulingana na raga inataka sauti ishikane wapi. Hilo ni wazo la mtu anayetengeneza ala kwa kuusikiliza muziki kwanza. Fundi anayetaka filimbi yenye noti nyingi angetoboa mashimo ya zile noti zinazopatikana kwa kuziba nusu. Ghosh alitoboa kwa ajili ya njia kati ya noti mbili ambazo tayari alikuwa nazo.

Rekodi alizoacha zinakubaliana na usomaji huu. Yaman, raga ya jioni ambayo alipiga na kurekodi, inaibeba Ma kali kama moja ya noti zake za utambulisho na kuivusha kwenda Pa na kurudi mara kwa mara. Ni vigumu kufikiria raga inayoumbua zaidi filimbi ya mashimo sita. Darbari nayo inadai Ga iliyoshushwa na kuyumbayumba polepole, kazi ya kidole kilicholazwa juu ya shimo kubwa lililozibwa nusu. Upande mmoja wa santuri za zama zake ulichukua dakika chache tu, muda ambao haumtoshi mtu kujenga alapu, kwa hiyo anayemhukumu kwa santuri hizo peke yake anamsikia akiwa na haraka asiyoichagua. Na kuna ushahidi wa maisha yenyewe. Mwaka 1947, akiwa tayari mwanamuziki mwenye jina na mapato ya filamu, alikwenda kujiweka chini ya mwalimu Allauddin Khan, ambaye wanafunzi wake mashuhuri, Ravi Shankar na Ali Akbar Khan, walikuwa watu wa nyuzi. Mtu aliyeridhika na ala mpya asingehitaji kuanza upya darasani. Ghosh alijua kwamba bomba limekuwa tayari kabla ya lugha yake, na lugha aliifuata kwa wenye nyuzi.

Pingamizi la kwanza ni la wapenda historia. Filimbi ni ala ya mungu Krishna, imechongwa kwenye mahekalu tangu karne nyingi, na kusini mwa India watu kama Sharabha Sastri walikuwa wameipandisha jukwaani kabla Ghosh hajazaliwa. Yote ni kweli, na anayesema Ghosh aliipa India filimbi ya klasiki amekosea ramani. Lakini sanamu inatuambia filimbi iliheshimiwa kiasi gani, haituambii iliweza kupiga nini. Na filimbi ya kusini ni fupi, ina mashimo manane, sauti yake iko juu, na inatumikia muziki wa Kikarnatiki uliojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya tungo zenye mapigo na mapambo ya noti ya aina yake. Ilikuwa imelitatua tatizo lake. Alapu ndefu ya kaskazini, ya chini na ya taratibu, ilikuwa swali tofauti, na hata kama filimbi ya kusini ingehamishwa ilivyo isingelijibu.

La pili lina nguvu zaidi. Filimbi ndefu ina sauti ya upole chini, na ukumbini bila maikrofoni isingefika safu ya mwisho. Ghosh aliishi katika zama za redio na filamu, na tangu 1956 alikuwa Delhi akiongoza okestra ya taifa ya All India Radio. Je, basi, si maikrofoni iliyofanya kazi? Naikubali nusu ya hoja hii bila kinyongo. Bila umeme, bomba la inchi 32 huenda lingebaki ala ya chumbani. Ila maikrofoni iliwafikia wapigaji wote wa filimbi kwa wakati mmoja, pamoja na wenye filimbi fupi, nayo haikumwambia yeyote kati yao atoboe wapi. Hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao nyimbo za filamu za Bombay ziliingia hadi kwenye taarabu yetu, tulipata kupitia spika muziki mwingi wa filimbi ambao haukuwa na haja ya kina wala mindi ndefu. Teknolojia ilifungua nafasi, na nafasi hiyo ingeweza kujazwa na chochote.

Pingamizi la tatu ndilo linaloligusa shimo lenyewe. Hariprasad Chaurasia, aliyezaliwa Allahabad mwaka 1938 na kuifikisha bansuri duniani kote, anapiga filimbi ndefu yenye mashimo sita. Anapiga Yaman, anavuka kutoka Ma kali kwenda Pa, na kumbi zinajaa. Kama yeye ameweza, shimo la saba lina kazi gani? Jibu ni kwamba Chaurasia analivuka korongo kwa pumzi na kwa wepesi wa vidole, akilificha kwa ustadi mkubwa, na mtindo wake umejijenga kuzunguka ustadi huo, pamoja na ule mchezo wa pumzi wa kasi ambao msikilizaji humtambua nao mara moja. Kila njia ina gharama yake. Shimo la saba linakiteka kidole kidogo, ambacho katika filimbi ndefu tayari kina safari ya mbali, na linamtaka mpigaji aamue mapema ni mlango gani wa Ma kali atakaoupita. Anayeliacha anapata mkono huru na hatua za haraka, kisha analipa kwenye ile nusu hatua moja. Waliobaki na shimo hilo, kuanzia Devendra Murdeshwar hadi mwanafunzi wake Nityanand Haldipur, ni watu wa alapu ndefu na mwendo wa polepole, yaani wale ambao nusu hatua hiyo inawagharimu zaidi. Lakini urefu haukuachwa na upande wowote. Chaurasia alikataa shimo, na filimbi aliyolikatalia ni ileile ndefu ya Ghosh.