Vunjajungu mwoga na mkono unaotoka juu

Vunjajungu anayetanua mabawa ghafla, akainua mikono na kukunja tumbo, hajakasirika. Ameshtuka. Kinachomjia kinaweza kuwa ndege, na ana muda mfupi sana wa kuamua. Wengi wanaomfuga huhangaika kumtuliza mdudu mwenyewe, lakini waliofanikiwa walimwacha alivyo wakabadilisha kile anachokiona.

Mfano mzuri wa vunjajungu wa aina hiyo ni Idolomantis diabolica, jitu la maeneo makavu linalopatikana Kenya, Tanzania, Uganda, Somalia na Ethiopia. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humtafuta kwa udi na uvumba kwa sababu ya sura anayoivaa anapotisha: kifua kimetanuka, na upande wa ndani wa mikono unatokeza wekundu, weupe na weusi unaong'aa. Picha zake zimejaa mtandaoni, na ukiniuliza mimi, nyingi ni picha za mdudu aliyechokozwa makusudi.

Mwaka 1970 mtafiti Héctor Maldonado alichapisha uchunguzi wa tishio hilo kwa Stagmatoptera biocellata, vunjajungu wa Amerika Kusini. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Balderrama walionyesha kwamba mdudu akiletewa kitisho kilekile mara kwa mara bila kudhurika, tishio lake hufifia. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba mazoea yanawezekana, ila kitu kiwe kilekile: mkono uleule, upande uleule, mwendo uleule. Leo ukimlisha polepole, kesho mtoto akalinyakua boksi na kulitikisa, umeanza upya.

Macho yake ndiyo yanayoeleza mengi zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kundi la Jenny Read lilimvisha vunjajungu wa Kiafrika, Sphodromantis lineola, miwani midogo ya rangi mbili iliyobandikwa kwa nta, kisha likamwonyesha wadudu wa kuigiza kwenye skrini. Matokeo ya 2016 yalithibitisha kwamba anapima umbali kwa kutumia macho yote mawili kwa pamoja. Yale ya 2018 yaliongeza jambo la ajabu: hesabu yake ya umbali inategemea mahali ambapo picha inabadilika, si picha iliyotulia. Kwa hiyo mkono uliosimama tuli mbele yake ni sehemu ya mandhari tu. Ukishtuka ukaurudisha kwa kasi, hapo ndipo unapogeuka kuwa mnyama.

Dalili kadhaa husomwa vibaya. Akiyumba kushoto na kulia, watu husema anatetemeka kwa hofu, kumbe mara nyingi anapima umbali kabla ya kuruka, au anajifanya jani linalopeperushwa. Ule weusi mdogo ndani ya jicho unaoonekana kukufuata kila uendako ni mchezo wa mwanga tu, wala hakukazii macho. Na jicho zima likigeuka jeusi usiku, hajaugua: ndivyo linavyojirekebisha gizani.

Sasa tumlete huyo Idolomantis hadi Kulamawe, kwenye barabara ya kutoka Isiolo, Kenya, kuelekea Garba Tulla. Joto ambalo mfugaji wa Ulaya hulinunua kwa bili ya umeme, hapa ni la bure. Adui ni upepo, vumbi, na mtikisiko wa meza kila lori linapopita. Mimi ningeanza na boksi lenyewe. Boksi linalofunguliwa juu ni kosa la usanifu, kwa sababu kila mlo unamfikia kama kivuli kinachoshuka kutoka angani, na huko ndiko ndege hutokea. Mlango uwe ubavuni. Boksi liwekwe kwenye rafu iliyofungwa ukutani, usawa wa kifua cha mtu, na pande tatu zizibwe kwa kadibodi ili aone upande mmoja tu wa dunia. Juu liwe na wavu, maana hapo ndipo anaponing'inia karibu maisha yake yote.

Kuhusu huo wavu, tahadhari kubwa. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haiulizi kama mdudu ni mbu au kipenzi cha mtu. Kipande cha chandarua cha zamani kilichochanika kinaonekana kama bahati, lakini ni sumu anayoikanyaga mchana kutwa. Afadhali wavu wa plastiki wa dirishani ambao haujawahi kupakwa kitu.

Hatari hiyohiyo inajificha kwenye chakula. Nzi hawakosekani penye zizi la mbuzi na ngamia, na Idolomantis hupenda zaidi wadudu wanaoruka. Lakini mifugo ikishapulizwa dawa ya kupe, nzi waliotua mgongoni mwake si wa kuokota. Nzige walipovamia Isiolo mwanzoni mwa 2020 na dawa kunyunyizwa, panzi wa maeneo hayo nao walikuwa chakula cha kutiliwa shaka. Vunjajungu aliyekula sumu hutetemeka, hupoteza mshiko na kuanguka. Mfugaji asiyejua atasema mdudu wake ana wasiwasi. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, mlishe hao.

Maji hayahitaji kuwa mengi. Nyunyizia wavu asubuhi, matone machache, usimlenge yeye. Atayafuata mwenyewe na kuyanywa.

Pale ambapo woga huua kwelikweli ni wakati wa kujivua gamba. Siku kadhaa kabla yake, tunutu, yaani vunjajungu mchanga, hukataa kula na humkimbia hata nzi mdogo. Wafugaji wapya hudhani amezidiwa na hofu, wakamsukumia chakula zaidi. Wanamwongezea balaa. Anajiandaa kuning'inia kichwa chini na kuteleza nje ya ngozi yake ya zamani, na anahitaji nafasi chini yake isiyopungua mara mbili ya urefu wake. Akishtuliwa katikati akaanguka, miguu hukauka ikiwa imepinda. Toa nzi wote, usifungue mlango, na baada ya gamba kutoka mwache mpaka mwili ukakamae kabla ya kumlisha.

Ikibidi kumhamisha, usimshike. Weka kijiti mbele yake, juu kidogo ya kichwa, kisha mguse taratibu kwa nyuma: hupenda kupanda, atapanda. Akitisha, simama hapo hapo bila kuuondoa mkono, mpaka mabawa yarudi chini.

Na anayewaza kuwauza wanunuzi wa ng'ambo akumbuke kesi ya sisimizi. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa nchini Kenya wakiwa na malkia wapatao 5,000, na Mei mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ikawatoza shilingi milioni 1 kila mmoja, au miezi 12 jela. Walikuwa na mirija na pamba tu, wala hawakuwa na pembe ya ndovu. Biashara ya viumbe wa porini bila kibali ni kosa, hata kiumbe mwenyewe akiwa mdogo kuliko kidole.