Alama za Filamu: Herufi Pasipo Maelezo

Tarehe 1 Novemba 1968, chama cha makampuni ya filamu ya Marekani kilianza kuzipa filamu alama nne: G, M, R na X. Shabaha ilikuwa kuwaongoza wazazi. Hata hivyo, alama ni ishara, nayo ishara haina faida ikiwa anayeipokea hajui imebeba maana gani.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1984. Filamu ya Steven Spielberg, Indiana Jones and the Temple of Doom, ilipewa PG, yaani watoto waruhusiwe, wazazi wakipima wenyewe. Kumbe ndani yake mtu anang'olewa moyo kifuani, nao ungali ukidunda. Wazazi walilalamika, Spielberg mwenyewe akapendekeza daraja la kati, na mwaka huohuo ikazaliwa PG-13.

Dawa hiyo ilitibu nusu ya ugonjwa. Nambari 13 hutaja umri wa mtoto, haitaji yaliyomo katika filamu: ni damu, matusi au uchi? Mtoto mmoja huweweseka usiku kwa kuona damu. Mwenzake huamka akiiga matusi. Ajuaye tofauti hiyo ni mzazi, naye ahitaji maneno, si hesabu. Ilipita takriban miaka 22, hadi 1990, ndipo filamu za daraja la R zikaanza kuandamana na maelezo mafupi ya sababu. Sentensi hiyo moja yazishinda herufi zote, kwani yamrudishia mzazi uamuzi ulio wake.